Mbuzi wa Ngui Wawili

Mumbuni, Machakos
18 Mei 1997

Ngui,

Wewe umekufa? Kama umekufa wangetuambia tuje tuchukue mwili. Tangu tumzike babu yako hujakanyaga hapa. Kaburi limeota majani, na hayo majani mbuzi wameyala, yakaota tena. Huko Kitale wamewafunga kamba? Wenzako wanasomea udaktari na wanakuja nyumbani. Wewe unasomea uchungaji, na kondoo wa kwanza kupotea ni wewe.

Mimi Susu, nyanya yako, ni mzima. Magoti ndiyo hayanisikii. Shangazi yako Syokau amerudi kwa bwana yake tena, na safari hii amebeba kitanda, kwa hivyo labda atakaa. Ng'ombe amezaa dume. Ile miwani uliyonitumia naivaa kanisani. Sioni kitu nayo, lakini watu wananipisha.

Anayeandika hapa ni Erastus, karani wa kanisa. Unajua siku ya kugawa kalamu na jembe mimi nilipewa jembe.

Barua yako ilifika. Karatasi nzima, na salamu ni mstari mmoja! Iliyobaki yote ni swali la mwalimu wako: dini za watu wachache hapa kwetu zilianzia wapi, na zikaeneaje. Huyo mwalimu hana nyanya yake wa kuuliza?

Haya. Wahindi wa maduka walikuja na yao imefungwa ndani ya sanduku, na hawajawahi kuniambia niingie. Ile ya Nthambi ilianzia jikoni kwa Nthambi, ng'ambo ya mto, mwaka ule wa njaa tulipokula mahindi ya manjano. Aliota ndoto kwamba watu wavue viatu wakiomba, na wasimpe mkono mtu wa kanisa lingine. Watu wakajaa jiko mpaka moshi ukakosa pa kutokea. Halafu wakagombania ngoma, nani aipige. Jeremiah, mmoja wao, akaondoka na ngoma, na nusu ya watu wakafuata ngoma. Sasa ni dini mbili: moja iko na nabii, nyingine iko na ngoma. Inayokua ni ile ya ngoma.

(Mimi Erastus naomba ieleweke kwamba kanisa letu halihusiki na mambo hayo.)

Kuhusu Waislamu wa mjini, sina la kusema. Andika hivyo hivyo, Erastus. Susu hana la kusema.

Kula vizuri. Vaa soksi.

Ni mimi Susu wako.


Chuo cha Biblia, Kitale
22 Juni 1997

Mpendwa Susu,

Bwana asifiwe sana. Sijafa. Ni masomo, na nauli, na pia likizo huwa tunapelekwa kuhubiri. Nafurahi kwamba magoti ndiyo tu yanayokusumbua. Soksi nimevaa. Msalimie shangazi Syokau, na kitanda chake pia.

Nilisoma habari za ngoma ya Jeremiah mbele ya darasa. Mwalimu alicheka mpaka akafuta macho, kisha akasema hicho ndicho alichokuwa anatafuta kwa miaka. Lakini ameuliza jambo moja. Waislamu wako hapo Machakos tangu zamani, msikiti unaonekana kutoka sokoni, na wewe umepita hapo maisha yako yote. Inakuwaje huna la kusema? Wewe, Susu? Wewe uko na la kusema hata kuhusu mvua ya Uganda.

Mwalimu anataka kujua walifikaje, na ni nani katika watu wetu Wakamba aliyeingia dini hiyo zamani. Tafadhali niulizie. Nikikosa hiyo, kazi yangu itakuwa na shimo katikati.

Mjukuu wako katika Kristo,
Ngui.


Mumbuni, Machakos
10 Agosti 1997

Ngui,

Umeandika tena na hukuja. Mguu wako ni wa karatasi?

Kuku wote wamekufa kwa ugonjwa, isipokuwa yule jogoo mbaya. Mwangangi wa jirani amejenga choo kizuri kuliko nyumba yake. Tuko salama.

Nilikuwa nimekataa, lakini ulisema kuna shimo, na mimi sipendi shimo kwa kazi ya mtoto wangu. Basi nilivaa sare ya chama cha akina mama, kitambaa kichwani, Biblia chini ya kwapa, nikaenda msikitini, nikapiga hodi mlangoni. Kimya. Nikapiga tena kwa nguvu. Ng'ambo ya barabara mama mmoja anayeuza mahamri akaniita, "Mama! Mama wa sare! Hapo hatupigi hodi. Hebu njoo ukae, unamtafuta nani?"

Nikamwambia, "Namtafuta aliyeleta hii dini."

Akasema, "Huyo umechelewa kidogo. Kunywa chai."

Anaitwa Pili. Babu yake alitoka pwani akiwa mpagazi, akibebea Wazungu mizigo. Alipofika Machakos aliweka chini mzigo wa Mzungu na hakuuinua tena. Akaoa msichana wa kwetu, akakaa. Wengine walikuja wakiwa askari, wengine mafundi cherehani. Nikauliza, "Na ikaenea namna gani, kwa vita?" Pili akacheka. Akasema, "Vita gani, mama? Kwa mahamri. Mtu anakuja kunywa chai, anakaa, anaona binti. Kwani yenu ilienea namna gani?" Nikakumbuka yetu ilianza na sukari na blanketi za misheni, nikala hamri la pili.

(Mimi Erastus sikubaliani na sentensi hiyo.)

Nikamuuliza sasa ni Mkamba gani aliyeingia zamani. Akasema wa kwanza walishakufa, lakini mkubwa aliye hai ni yule mzee anayeshona kofia kwenye baraza ya duka la Jamal. Amerudi kutoka Mombasa majuzi tu, kuja kuzeekea huku.

Nikaenda. Alikuwa ameinama anatia uzi kwenye sindano. Nikasimama mbele yake. Akainua kichwa.

Ngui, hapo ndipo hadithi inaisha kwa leo. Erastus ameacha kuandika, anatega sikio tu.

Susu.

(Kwa faragha, ndugu Ngui. Nimeongeza karatasi hii bila yeye kujua. Susu sasa anaenda mjini kila Ijumaa. Anabeba muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, kwenye kikapu na kurudi kikiwa kitupu. Wiki jana alirudi amejifunga leso yenye maandishi. Wazee wa kanisa wataketi juu ya jambo hili. Andika haraka. Wako, Erastus.)


Kitale
14 Septemba 1997

Mpendwa Susu,

Bwana asifiwe. Natumaini jogoo ni mzima.

Tafuta mtu mwaminifu akusomee barua hii, asiwe Erastus. Nimesikia mambo. Nimesikia Ijumaa, nimesikia leso, nimesikia kikapu. Susu, wewe ndiwe uliyenifundisha kuomba. Uliniamsha alfajiri na maji baridi usoni ili niombe! Leo watu wa darasa langu wananiuliza kama ni kweli nyanya yangu anasilimu, na mimi najibu nini?

Kuwa mwangalifu na yule mzee wa kofia. Watu kama hao ninawajua. Ni wajanja. Wanatafuta wajane wenye mashamba, wanawachekesha, mwisho unasikia mama amebadilisha jina. Mzee mzima anarudi kutoka pwani bila familia, anakaa barazani akitega. Anatega nini? Jiulize.

Na usile kwao. Mimi na ndugu zangu watatu hapa chuoni tumeweka nadhiri kwamba hatutagusa nyama iliyochinjwa na mtu wa dini nyingine. Afadhali nilale njaa. Ningependa na wewe uweke nadhiri hiyo.

Nakupenda sana, ndiyo maana naandika kwa ukali.

Ngui.


Mumbuni, Machakos
30 Novemba 1997

Ngui,

Mvua hii wanayoiita Elinino imebeba daraja, na barua yako ilikaa posta mpaka ikaota ukungu. Choo cha Mwangangi kimeenda na maji. Nyumba kimeiacha.

Erastus simtaki tena. Niliijua ile karatasi yake. Mtu haendi kununua bahasha kubwa kwa barua ndogo. Nimepata mwandishi mwingine. Tazama mwandiko wake, ni kama shanga zimepangwa. Kabla ya kuandika ananiuliza, "Dada, ndivyo ulivyokusudia?" Erastus hajawahi kuniuliza nimekusudia nini tangu azaliwe.

Sasa sikiliza. Ulisema nitafute mtu mwaminifu anisomee. Nilitafuta. Nikaona katika mji huu wote mtu ninayemwamini ni huyu mwandishi. Nikampelekea barua yako, nikaketi, nikasema soma kwa sauti, usiruke.

Ngui, huyu mwandishi ndiye mzee wa kofia.

Akasoma. Alipofika mahali pa "ni wajanja" akakohoa. Nikamwambia endelea. Akasoma "wanatafuta wajane wenye mashamba," akaniangalia juu ya miwani, akauliza, "Una shamba kubwa?" Nikasema, "Kubwa wapi, na nusu imeenda na mvua." Pili alikuwa anapita na sinia ya mahamri, akacheka mpaka moja likaanguka. Tukafika "anatega nini, jiulize." Akasema, "Mjukuu wako ana haki. Hata mimi hujiuliza." Hakuruka hata neno. Angekuwa Erastus angeruka na kuongeza yake.

Lakini alipofika kwa nadhiri yako ya nyama, hapo hakukohoa. Alikunja barua polepole akairudisha kwenye bahasha. Akasema leo macho yamechoka. Siku hiyo hakushona tena.

Sikusemi kwa sababu ya yale mengine. Yale tulicheka. Lakini hilo la nyama limemgusa mahali, na wewe hujui ni wapi, na mimi bado siko tayari kusema.

Susu.

(Kijana, mimi mwandishi nakusalimu. Sina kinyongo. Barua yako ina sarufi nzuri.)


Kitale
11 Januari 1998

Mpendwa Susu, na Mzee Mwandishi,

Sijui nianze na nani. Nilipofika pale "ndiye mzee wa kofia" nilitoka nje nikaenda kusimama nyuma ya bweni. Mzee, nisamehe. Niliandika mambo ya mtu nisiyemjua. Asante kwa habari ya sarufi.

Hapa tuko salama, baridi tu. Susu, nimesikia kwamba wazee wa kanisa wameketi. Wamekutenga?

Kuhusu nadhiri, siwezi kuivunja ovyo kwa sababu mtu amenyamaza. Mtu wa imani hasemi leo ndiyo na kesho siyo. Lakini nimekaa nikifikiria ile karatasi iliyokunjwa. Mzee, nilikugusa wapi? Na ulifikaje kwenye dini hiyo? Siulizi tena kwa ajili ya mwalimu. Kazi yake niliipeleka na shimo lake.

Ngui.


Mumbuni, Machakos
22 Februari 1998

Ngui,

Hukuja Krismasi. Niliweka paja la yule jogoo kando mpaka likaliwa na paka.

Wazee waliketi, ndiyo. Walinisimamisha mbele wakaniuliza natafuta nini msikitini. Nikasema, "Natafuta dini zilikotoka. Hebu nianze na nyinyi. Yetu ilitoka wapi?" Wakasema kwa Wazungu wa misheni. Nikauliza Wazungu waliitoa wapi. Erastus akasema Yerusalemu. Nikauliza, "Yerusalemu ni Ulaya?" Erastus akafunua Biblia nyuma, kwenye ramani. Nikasema, "Basi ilikuwa ngeni kwao kama kwetu, nao pia walipewa na mtu aliyepita njia. Mnanitenga kwa nini?" Wakafunga kikao kwa maombi. Maombi yalikuwa marefu na jina langu lilikuwa ndani mara nyingi, lakini sikutengwa.

Sasa jibu lako. Huyu anayeandika ameweka kalamu chini mara mbili, lakini nimemwambia andika tu, wewe ndiwe uliyeenda shule.

Nilikuwa na kaka mmoja. Kulitokea njaa akaenda pwani, kazi ya reli. Akarudi na kanzu na jina la Mahmud. Baba yetu hakuijali kanzu. Alisema ni shuka iliyoshonwa. Alifurahi mno kumwona, akamtolea mbuzi dume wa madoa, yule aliyekuwa hamchinji hata kwa mgeni wa serikali. Wakamziba pumzi kama wazee wetu walivyofanya, damu isipotee. Nyama ikaiva, watu wakaketi, baba akamkatia kaka kipande cha kwanza kwa mkono wake. Kaka akasema hawezi kula.

Baba akauliza, "Mbuzi wangu ni mzoga?"

Kaka akasema, "Ndiyo, baba."

Angesema tumbo linamuuma! Lakini alikuwa na umri kama wako, na dini ilikuwa mpya, inamwasha kama sweta ya sufu. Baba akasimama. Akasema asiyekula kwangu asikanyage kwangu, na jina lake lisitajwe tena. Kaka akaondoka jioni ile ile na njaa yake. Mimi ndiye niliyeosha vyombo. Kile kipande kilibaki kwenye ubao na hakuna aliyekigusa, hata mbwa.

Jina la kaka yangu kabla ya Mahmud lilikuwa Ngui.

Ulidhani jina lako liliokotwa? Ulipozaliwa ulikuwa mtoto wa tatu, majina ya wazee yameisha. Baba yako alitaka uitwe Harrison kwa ajili ya daktari aliyemzalisha mama yako. Mimi nikasema ataitwa Ngui, na anayetaka Harrison azae wake. Baba yangu akaletwa kukuona, macho yamekwisha, akauliza jina la mtoto. Nyumba nzima ikatazama chini. Nikasema, "Ngui." Mimi nikangoja fimbo. Akasema, "Lete nimpakate." Akakaa na wewe jioni nzima akikuita, Ngui, Ngui, mpaka mama yako akadhani mzee amerukwa na akili. Alikuwa amesema Ngui asikanyage. Hakusema Ngui asizaliwe.

Lakini alikufa bila kuliondoa lile neno, na huyu hapa amerudi Machakos, na kutoka barazani kwa Jamal mpaka kwangu ni mwendo mfupi hata kwa mtu anayechechemea, na hajawahi kuja. Anasema hajui atakanyaga kwa mguu gani. Nimeuliza watu wazima. Neno kama hilo haliondolewi kwa barua. Linaondoka kwa njia lililoingilia, na liliingilia kwa nyama.

Kwa hivyo nina mbuzi. Atamchinja yeye kwa mkono wake, kwa namna ya dini yake, hapa uani kwangu, na kipande cha kwanza atamkatia mwanamume wa damu ya baba yangu. Baba yako hayupo tena, kaka zako wako Nairobi na hawashiki simu. Ni wewe. Na wewe uko na nadhiri.

Sikulazimishi. Lakini fikiria. Ngui alikataa nyama ya baba. Ngui akikataa nyama ya Ngui, itabidi nizae mwingine, na mimi nimechoka.

Susu.

(Kijana, yote ni kweli, ila mbuzi yule hakuwa wa madoa. Alikuwa mweusi. Nimemwona kila usiku tangu siku ile. Mahmud.)


Kitale
15 Machi 1998

Susu, na Babu Mahmud,

Nimesoma mara nyingi. Nimewaendea ndugu zangu watatu nikawaambia nimejitoa kwenye nadhiri. Wawili wamenuna. Wa tatu ameuliza kama mbuzi ni mkubwa, na kama anaweza kuja.

Nakuja. Nije lini, na nije na nini?

Ngui.


Mumbuni, Machakos
24 Machi 1998

Ngui,

Idd yao ya kuchinja na Pasaka yetu mwaka huu zinafuatana wiki moja. Mungu ameona tuko na mbuzi mmoja.

Uje Jumatano kabla ya Ijumaa Kuu. Huyo rafiki yako aje, mwambie asiombee chakula kwa maombi marefu, yenu yakianza nyama inaganda. Pili analeta mahamri. Erastus sikumwalika, kwa hivyo atakuja mapema. Syokau yuko hapa pia. Kitanda kimerudi.

Ukifika kwa duka la Jamal usipite. Mzee atakuwa amekaa barazani na kanzu safi, akijifanya anashona. Usimpe hotuba wala usiombe msamaha, mmeshaombana vya kutosha kwa karatasi na karatasi haina meno. Mshike mkono. Atakuambia utangulie, atafuata baadaye. Usimwachilie. Mje pamoja mpaka langoni, na wewe utangulize mguu ndani, umwambie, "Babu, Ngui ameshakanyaga, ingia."

Chumvi hapa imeisha, lete. Usinunue mkate njiani, usile kwa watu, hata wakikubembeleza. Uje na njaa.

Susu wako.